Enoch Powell: profesa wa Kigiriki aliyewasemea wafu wa Hola, kisha akawa bango la ubaguzi Uingereza

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai 1959, saa saba ikiwa imeshapita, mbunge wa chama tawala alisimama katika Bunge la Uingereza akaigeukia serikali ya chama chake mwenyewe. Kilichomsimamisha ni mahabusu 11 waliopigwa na walinzi hadi kufa katika kambi ya Hola, Kenya. Hata miaka tisa haijatimia, tarehe 20 Aprili 1968, mtu huyohuyo alisimama hotelini Birmingham akatoa hotuba dhidi ya wahamiaji weusi na wa Kiasia. Hotuba hiyo ukiitaja Uingereza hadi leo, kuna atakayekununia na kuna atakayekupa mkono, inategemea umekaa na nani.

Jina lake John Enoch Powell. Kabla ya siasa alikuwa profesa wa Kigiriki cha kale, na si profesa wa kubandikwa jina.

Wengi mnamjua Powell wa 1968. Wachache mnamjua wa Hola. Yule wa maktaba karibu hatajwi, na kwangu mimi ndiye ufunguo wa hao wengine wawili. Hoja yangu naiweka mezani mapema ili anayetaka kunipinga ajue pa kupiga: usomi haukumharibu Powell. Alichafuka siku alipouweka usomi kando huku joho lake bado kalivaa.

Nashusha vipande vipande. Leteni maswali katikati.

#2 Mchangiaji

Naweka kambi hapa. Ila mleta uzi, usije ukatusafishia mbaguzi kwa maji ya Hola.

#3 Mleta uzi

Sina sabuni mimi, mkuu. Twende.

Alizaliwa 16 Juni 1912 Birmingham, mtoto wa pekee wa wazazi walimu. Mama yake alijifundisha Kigiriki mwenyewe na ndiye aliyemwanzishia mwanaye lugha hiyo. Akiwa na miaka mitatu nyumbani walishamwita Profesa, kwa sababu alikuwa anapanda juu ya kiti na kuanza kuwaeleza wakubwa habari za ndege waliokaushwa, mali ya babu yake. Akasoma shule ya King Edward's palepale Birmingham, na mwaka 1930 akaingia Trinity College, Cambridge. Huko aliishi kama mtawa. Mlango umefungwa, mialiko inakataliwa, ni vitabu kutwa. Kati ya walimu waliomjenga alikuwepo A. E. Housman, mshairi na bingwa wa uhakiki wa maandiko ya Kilatini, mtu asiyekuwa na chembe ya huruma kwa msomi mzembe.

Hapa nikae kidogo, maana bila hapa uzi hauna maana.

Maandishi ya Herodotus na Thucydides, wanahistoria wa Ugiriki ya kale, hayakutufikia kwa mkono wao wenyewe. Tulichonacho ni nakala za nakala, zimeandikwa kwa mkono na watu waliochoka, waliosinzia, waliodhani wanamsahihisha mwandishi. Nakala moja inasema hivi, nyingine inasema vile. Kazi ya mhakiki ni kuuliza: huyu alinakili kutoka kwa nani? Huyo aliyenakiliwa alikuwa na nini mbele yake? Nakala kumi zikisema kitu kimoja, lakini zote kumi zimetoka kwenye nakala moja mbovu, basi una shahidi mmoja tu, tena mbovu. Halafu kuna sheria ambayo Housman alikuwa anawachapa nayo watu: usimwamini shahidi kwa sababu umependa anachosema.

Powell alikuwa hatari katika kazi hiyo. Mwaka 1934 Trinity ilimpa nafasi ya utafiti. Alisafiri hadi Italia kuzikagua nakala za Thucydides kwa macho yake. Mwaka 1938 ikatoka kamusi yake ya Herodotus: kila neno alilotumia yule mzee wa historia, limetumika wapi na kwa maana gani. Hakuna kompyuta. Ni karatasi, wino na mtu mmoja mwenye subira isiyo ya kawaida.

Mwaka 1937 Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, kikamteua profesa wa Kigiriki. Miaka 25! Yeye mwenyewe hakuridhika, kwa sababu mwanafalsafa Nietzsche alipata uprofesa akiwa na 24 na jamaa alitaka kuivunja rekodi. Darasani Sydney alipita pia kijana aitwaye Gough Whitlam, ambaye baadaye akawa Waziri Mkuu wa Australia. Powell aliwaambia wakuu wa chuo mapema tu kwamba vita na Ujerumani vinakuja, na vikija yeye anaondoka. Vilipokuja Septemba 1939 akaondoka kweli. Chuo cha Durham kilikuwa kimeshamteua kuwa profesa kuanzia Januari 1940. Kiti hicho hakuwahi kukikalia.

Alijiandikisha jeshini kama askari wa kawaida kabisa, kikosi cha Royal Warwickshire. Inasimuliwa kwamba alikuwa zamu ya jikoni, mkubwa mmoja akapita na kumuuliza jambo, akajibiwa kwa methali ya Kigiriki. Muda si mrefu akapelekwa mafunzo ya uofisa. Mwaka 1944, akiwa na miaka 32, alikuwa brigedia. Alifanya kazi ya ujasusi wa kijeshi Cairo na Algiers, halafu India. Risasi za mstari wa mbele hakuziona, na jambo hilo lilimuuma maisha yake yote.

India ndiyo ilimteka. Akajifunza Kiurdu na kuanza kuota kuwa mtawala mkuu wa Kiingereza huko Delhi. Naona ndoto hiyo ndiyo iliyomtoa chuoni na kumwingiza katika siasa. Lakini mwaka 1945, akiwa bado na sare, alikipigia kura chama cha Labour! Sababu: kuwaadhibu Wahafidhina kwa kumlegezea Hitler katika makubaliano ya Munich ya 1938. Adhabu ikishatolewa, mwaka uliofuata akajiunga na hao hao Wahafidhina.

#4 Mchangiaji

Subiri kwanza. Mtu aliyeota kuitawala India ndiye huyo huyo akawatetea watu wa Mau Mau? Hainiingii akilini.

#5 Mleta uzi

Ndipo utamu ulipo, mkuu.

Februari 1947 serikali ilitangaza kwamba uhuru wa India umekaribia. Usiku huo Powell alizunguka mitaa ya London hadi asubuhi, kama mtu aliyefiwa. Agosti India ikapata uhuru. Wahafidhina wenzake walijipoza kwa kuendelea kusema dola ipo, jumuiya ipo, bendera ipo. Yeye akafanya kile ambacho mwanahoja anafanya: kama India imekwenda, basi dola haipo, na kama haipo, tuache kujidanganya. Taratibu akawa ndiye mhafidhina aliyekuwa mkavu kuliko wote kuhusu Jumuiya ya Madola. Kwake ilikuwa maigizo.

Njia yake kisiasa haikuwa laini. Alianzia idara ya utafiti ya chama pamoja na Iain Macleod na Reginald Maudling, vijana watatu ambao baadaye kila mmoja alitajwa kama kiongozi ajaye na hakuna hata mmoja aliyefika. Uchaguzi mdogo wa Normanton mwaka 1947 alipigwa. Februari 1950 alipata jimbo la Wolverhampton South West kwa kura 691 tu za ziada.

Januari 1958 ndipo nchi ilipoanza kumwelewa. Alikuwa naibu waziri pale Hazina. Waziri wa Fedha Peter Thorneycroft alitaka matumizi ya serikali yapunguzwe, baraza la mawaziri likakubali sehemu na kukataa sehemu. Tofauti iliyobaki: pauni milioni 50. Kwa bajeti ya Uingereza zilikuwa hela ndogo. Thorneycroft, Powell na mwenzao Nigel Birch wakajiuzulu wote watatu kwa mpigo. Waziri Mkuu Harold Macmillan akapanda ndege kwenda ziara yake na kuwaambia waandishi ni vijitatizo vya nyumbani tu.

Mwanasiasa wa kawaida hajiuzulu kwa tofauti ndogo namna ile. Profesa anajiuzulu, kwa sababu kwake suala si kiasi, ni kanuni: serikali ikitumia kuliko inachokusanya, pesa inapoteza thamani. Wazo hilo lilichekwa. Miaka ishirini na kidogo baadaye Margaret Thatcher aliingia nalo Ikulu ya Downing Street.

Sasa Hola.

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola kando ya Mto Tana, mahabusu wa Mau Mau waliohesabiwa kuwa "wagumu" walitolewa kwenda kulazimishwa kufanya kazi. Mpango ulikuwa umeandikwa na kuidhinishwa: wakigoma, nguvu itumike. Wakagoma. Walinzi wakawapiga kwa marungu. Kumi na mmoja wakafa, makumi wakaumia. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilidai wamekufa baada ya kunywa maji. Madaktari walipoichunguza miili wakakuta vipigo.

Serikali ya London ilitaka yaishe kimya kimya. Uchaguzi mkuu ulikuwa mlangoni. Mjadala ukasogezwa hadi usiku wa manane, bunge likiwa karibu na likizo. Ndipo Powell akasimama.

#6 Mchangiaji

Mimi ni Mkenya, Hola tumesoma shuleni na jina la huyu mtu sikulisikia hata mara moja. Alisema nini hasa? Usitupe sifa tupu, tupe hoja yake.

#7 Mleta uzi

Sawa ndugu yangu. Nazieleza kwa maneno yangu.

Alianza kwa kubana suala la wajibu. Mpango ule haukubuniwa na mlinzi mwenye rungu, ulipita mezani kwa wakubwa. Basi wajibu hauwezi kuishia kwa ofisa mdogo wa kambi, lazima upande hadi unapofika. Alizifuata nyaraka rasmi aya kwa aya: nani aliandika, nani aliona, nani aliidhinisha. Nimesema mapema kuhusu nakala na aliyenakiliwa? Ndiyo kazi ileile. Anamsaka shahidi wa kwanza.

Halafu kuna mbunge mwenzake wa chama aliyewaita wale marehemu si binadamu kamili. Powell akamgeukia. Akasema ni fundisho la kutisha, kumtazama binadamu mwenzako na kusema kwa kuwa alikuwa mtu wa namna fulani, kifo chake kisiwe na matokeo yanayopaswa kufuata kifo cha mtu.

Mwisho akaivunja kinga iliyotumika kila siku: kwamba Afrika ni Afrika, mambo ya huko hayapimwi kwa mizani ya hapa. Akasema hakuna kuchagua viwango vya Kiafrika kwa Afrika, vya Kiasia kwa Asia na vya Kiingereza kwa Uingereza. Na Afrika, kuliko mahali popote, ndipo wasipothubutu kushuka chini ya kiwango chao cha juu kabisa cha kukubali wajibu.

Denis Healey, mtu wa Labour, mpinzani wake kwa kila kitu, aliandika baadaye kwamba ndiyo hotuba kubwa kuliko zote alizowahi kuzisikia bungeni, akamfananisha na Demosthenes, msemaji mashuhuri wa Ugiriki ya kale.

Je, ilisaidia? Waziri wa Makoloni Alan Lennox-Boyd hakujiuzulu palepale. Lakini baada ya uchaguzi wa Oktoba 1959 nafasi yake ilichukuliwa na Iain Macleod, yule rafiki wa Powell wa idara ya utafiti, na Macleod mwenyewe alikiri kwamba Hola ndiyo iliyomshawishi kwamba mwendo wa uhuru Afrika lazima uharakishwe. Sisemi Powell aliwapa Wakenya uhuru. Wakenya walijipatia, na walishalipa kwa damu. Nasema kwa usiku ule mmoja msomi alifanya kazi yake.

#8 Mchangiaji

Asante, hilo la viwango vya Kiafrika limenigusa. Sasa tuambie ilikuwaje mtu huyo huyo akageuka.

#9 Mleta uzi

Ngoja nipite kwanza haraka pale Wizara ya Afya, 1960 hadi 1963. Mambo mawili: hotuba ya 1961 iliyotangaza kwamba yale majengo makubwa ya kufungia wagonjwa wa akili yana mwisho, na mpango wa hospitali wa 1962, hospitali mpya 90 katika miaka kumi. Wahakiki wake wanaongeza la tatu: hospitali hizohizo zilikuwa zinaendeshwa na wauguzi kutoka Karibiani na madaktari kutoka India na Pakistan, na waziri alikuwa yeye. Kwenye baraza la mawaziri, inasimuliwa Macmillan alimhamisha kiti ili asitazamane na yale macho yake. Mwaka 1963 alikataa kutumikia chini ya Waziri Mkuu mpya, Alec Douglas-Home. Mwaka 1965 aligombea uongozi wa chama: Edward Heath 150, Maudling 133, Powell 15. Kura 15, wakuu. Hiyo ndiyo nguvu yake ndani ya chama kabla ya Birmingham. Heath, sasa kiongozi wa chama, akampa uwaziri kivuli wa ulinzi, yaani msemaji wa upinzani kwa mambo ya ulinzi.

Mwaka 1968 sasa. Na huku nako Kenya imo, ila haisemwi sana.

Baada ya uhuru, Kenya ilibana ajira na biashara za wasio raia. Waasia wengi walikuwa wamebaki na pasi za Uingereza, wakaanza kuondoka kwenda huko. Serikali ya Labour ya Harold Wilson ikashikwa na kiwewe. Ikapitisha sheria ya kuwafungia mlango, ndani ya siku chache tu, na kufikia tarehe 1 Machi 1968 ilikuwa imeshaanza kazi. Powell tangu Februari alikuwa amelipigia kelele jambo hilo. Kwa hiyo tuwe wakweli: kabla Powell hajaenda Birmingham, serikali ya mrengo wa kushoto ilishawafungia nje watu wenye pasi zake yenyewe kwa sababu ya asili yao. Powell hakuuleta ubaguzi Uingereza. Aliukuta sebuleni.

Mwezi Aprili bunge lilikuwa linasubiri muswada wa kukataza ubaguzi katika nyumba, ajira na huduma. Ni wakati ambao mwenye nyumba aliweza kumkataa mpangaji mweusi waziwazi na sheria haimgusi. Powell aliupinga muswada huo. Kabla ya hotuba alimdokeza rafiki yake mhariri wa gazeti la Wolverhampton kwamba safari hii itapaa kama fataki. Akahakikisha maandishi yanawafikia waandishi na televisheni mapema. Hakuteleza ulimi. Alipanga.

Hotuba yenyewe ilisimama juu ya nguzo tatu. Ya kwanza takwimu za ongezeko la wahamiaji. Ya pili shairi la Kilatini: alimtaja Mroma wa Virgil, mshairi wa Roma ya kale, anayeona Mto Tiber ukitoa povu la damu nyingi. Ya tatu ni ushahidi wa watu wawili.

Hao watu wawili ndio ninaowataka.

Mmoja ni mwananchi wa jimboni, mfanyakazi wa kawaida, asiye na jina, aliyesema katika miaka 15 au 20 mtu mweusi atakuwa ameshika mjeledi juu ya mzungu. Wa pili ni bibi kizee mjane wa Wolverhampton, peke yake mzungu katika mtaa uliojaa weusi, madirisha yamevunjwa, kinyesi kimesukumwa kwenye tundu la barua, watoto wanamzomea. Sasa sikilizeni: bibi huyo hakumwandikia Powell. Aliyeandika ni mwanamke mwingine, kutoka Northumberland, kaskazini kabisa, mamia ya kilomita kutoka mtaa huo.

Mnaiona? Barua ya mtu asiyetajwa, anayesimulia habari za mtu asiyetajwa, katika mtaa usiotajwa. Nakala ya nakala. Yule kijana aliyevuka Ulaya kwenda kuitazama kwa macho yake herufi moja ya Thucydides hakupanda gari kwenda kugonga mlango mmoja jimboni mwake mwenyewe. Waandishi wa habari walimsaka bibi yule Wolverhampton nzima, wakatoka mikono mitupu. Miaka mingi baadaye kuna waliodai wamemtambua, na dai hilo nalo likabishaniwa. Powell alipoombwa ataje chanzo, akakataa. Gazeti la Sunday Times lilipomshambulia akalishtaki kwa kashfa. Kesi ilipofika mahali pa kutakiwa azilete zile barua, akaiondoa, akisema waandishi wake aliwaahidi usiri.

Housman angempasua.

#10 Mchangiaji

Mleta uzi, unaandika vizuri lakini unakwepa. Powell alitabiri idadi ya wahamiaji na ikatokea. Msomi anapimwa kwa utabiri wake, si kwa adabu zake.

#11 Mleta uzi

Sikwepi, na nashukuru umelileta, kwa sababu wanaompinga Powell huwa hawaligusi.

Alisema kufikia mwaka 2000 wenye asili ya uhamiaji wangekuwa milioni tano hadi saba. Sensa ya 2001 ilihesabu watu wa makundi yasiyo ya wazungu milioni 4.6, kama asilimia 8 ya watu wote. Kwa hiyo chini kidogo ya makadirio yake, lakini hesabu haikuwa ya kichaa. Nakupa hiyo.

Sasa nami nidai changu. Hesabu haikuwa ndiyo hotuba. Kuna watu waliotaja takwimu kama zile na hakuna aliyewafukuza kazi. Hotuba ilikuwa matokeo: damu, mjeledi, taifa linalojikusanyia kuni za kuchomea maiti yake. Miaka 15 au 20 ilipita, mjeledi haukubadili mkono. Kulikuwa na vurugu Brixton na Liverpool mwaka 1981, ndiyo, za vijana na polisi. Vita vya rangi alivyovichora havikutokea. Ukitaka kumpima kwa utabiri, lete utabiri mzima, usichague mstari.

Tena kuna kitu hukijibu. Katika hotuba ya Hola alikataa kabisa mtu ahukumiwe kwa kundi lake. Birmingham ushahidi wake wote ni kundi: "wao" wanafanya hivi. Kwa mantiki yake mwenyewe ya 1959, yule jirani mweusi wa bibi kizee alistahili kuulizwa upande wake. Hakuulizwa.

#12 Mchangiaji

Wananchi wa kawaida walimuunga mkono lakini. Hilo nalo lisemwe.

#13 Mleta uzi

Lisemwe. Heath alimfukuza kesho yake kwa simu. Gazeti la Times liliita hotuba ile ovu. Lakini tarehe 23 Aprili makuli wa bandari ya London, watu wa vyama vya wafanyakazi, wapiga kura wa Labour, waliacha kazi wakaandamana hadi bungeni kumtetea. Kura ya maoni ya Gallup ilionyesha karibu robo tatu ya waliohojiwa wanakubaliana naye. Barua zilimjia kwa magunia. Mtu aliyepata kura 15 za wabunge wenzake akawa ghafla mwanasiasa anayejulikana kuliko wote nchini.

Na hapo naona janga lake la pili. Profesa aliyezoea wasomaji mia mbili duniani kote akagundua ladha ya umati. Hajawahi kurudi kabisa.

Ila msimweke kwenye boksi moja na kila mhafidhina mkali. Alipinga adhabu ya kifo. Aliunga mkono kuondolewa kwa sheria iliyowafunga wanaume mashoga, mwaka 1967, wakati chama chake hakikutaka kusikia. Alikataa kupewa ubwana wa maisha, yaani kiti cha maisha yote katika Baraza la Mabwana, kwa sababu alikuwa ameupinga mfumo huo ulipoanzishwa 1958 na hakuona vipi aupokee. Ukiweza kumwelewa mtu huyu kwa neno moja, hongera.

#14 Mchangiaji

Na suala la Ulaya? Nasikia ndiye babu wa Brexit.

#15 Mleta uzi

Ndiyo, kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1972 serikali ya Heath ilileta muswada wa kuiingiza Uingereza katika Jumuiya ya Ulaya. Kura 104 zilipigwa katika hatua zake bungeni. Powell alipiga dhidi ya chama chake zote 104. Hoja yake ilikuwa moja: bunge haliwezi kugawa mamlaka yake kisha likabaki kuwa bunge lilelile.

Februari 1974 Heath akaitisha uchaguzi. Powell akakataa kugombea, na siku chache kabla ya kura akawaambia wananchi wachague Labour, kwa kuwa Labour iliahidi kuwapa nafasi ya kuamua kuhusu Ulaya. Kwenye mkutano kule Shipley mtu akamzomea: Yuda! Akajibu papo hapo kwamba Yuda alilipwa, yeye anajitoa sadaka. Matokeo: Labour viti 301, Wahafidhina 297. Heath akaondoka. Haiwezekani kupima ni kura ngapi Powell alizihamisha, lakini Heath na watu wake walijua nani wa kumlaumu.

Sasa angalieni hesabu za bahati. Mwaka mmoja baadaye, Februari 1975, uongozi wa Wahafidhina ukawa wazi. Mawazo yaliyoshinda yalikuwa yake: fedha ngumu, soko huria, kuuza mashirika ya umma. Aliyeyabeba ni Margaret Thatcher, kwa sababu mwenyewe hakuwa tena chamani. Tangu Oktoba 1974 alikuwa mbunge wa South Down, Ireland Kaskazini, kwa tiketi ya chama cha Ulster Unionist, kinachotaka Ireland Kaskazini ibaki ndani ya Uingereza. Alikaa huko akiwasumbua hata wenzake, maana wao walitaka bunge lao Belfast na yeye alitaka Ireland Kaskazini itawaliwe kama mkoa mwingine wowote wa Uingereza. Mwaka 1987 akaangushwa na Eddie McGrady wa SDLP, chama kinachotaka Ireland iungane.

#16 Mchangiaji

Swali la mwisho kwangu: je, angebaki Durham na Kigiriki chake, si angekuwa mtu bora zaidi?

#17 Mleta uzi

Angekuwa na sifa safi zaidi, na usiku ule wa 1959 ungepita bila yeye. Sijui utaupimaje huo mzani, hasa kama wewe ni mjukuu wa mtu wa Hola, au wa muuguzi wa Kijamaika aliyekuwa Wolverhampton Aprili 1968.

Kigiriki hakikumwacha lakini. Baada ya kupoteza kiti, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 75, alirudi kwenye maandiko. Alikuwa amejifunza Kiebrania. Mwaka 1994 akatoa kitabu juu ya Injili ya Mathayo, akidai kwa kuichambua Kigiriki chake kwamba chini ya maandishi tuliyonayo kuna simulizi la zamani zaidi, ambamo Yesu alipigwa mawe badala ya kusulubiwa. Wataalamu wa Agano Jipya hawakukubali. Powell, mkristo wa Kanisa la Anglikana aliyekuwa hakosi ibada, hakujali kama hitimisho linamletea shida. Miaka minne baadaye, 8 Februari 1998, akafariki.

Mchangiaji #10, bado nasubiri jibu lako kuhusu yule jirani. Wanaotaka tubishane juu ya Ireland Kaskazini nipo hadi usiku. Za pauni milioni 50 za 1958 atafute mwingine, uchumi unanichosha.